Bati Linaloonekana Kutoka Ziwani

Vijana wangu mlioanza kazi katika ofisi za mipango, mliponitembelea nyumbani Matiri mliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Mlitaka kujua kwa nini serikali hujenga kituo cha afya hapa na kukiacha pale, ilhali mahitaji yanajulikana. Nilianza kujibu kwa maneno ya darasani, nikaona macho yenu yanahamia kwenye mibuni ya kahawa iliyo nyuma ya nyumba, nikanyamaza. Hili ni jibu langu la pili. Ni habari ya chumba kimoja cha kuzalishia wanawake, katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa ambacho nitakiita Mkirira, na ya mkunga wake, Mama Nyoni, ambaye kwa miaka yote niliyomfahamu alitaka jambo moja tu: apate mahali panapofaa pa kufanyia kazi, ili asilazimike kuondoka.

Nitasimulia bila kufuata mpangilio mzuri, kwa sababu mambo yenyewe hayakunijia kwa mpangilio. Na mtanisamehe nikirudi nyuma kusahihisha sentensi zangu. Ni maradhi ya kazi.

Mara ya kwanza kuteremka Mkirira nilikuwa afisa mipango mpya, nimeketi kwenye Land Rover kati ya dereva na mkuu wangu wa kazi, Mzee Ndunguru. Siku hizo nchi ilikuwa na chama kimoja, na mtu wa kawaida hakuwa na sababu ya kutofautisha chama na serikali, kwani bendera zote mbili zilipepea uwanja mmoja na mara nyingi mtu mmoja ndiye aliyezipandisha. Ukitoka Mbinga, barabara inapita katikati ya mashamba ya ngoro, yale mashimo ya mraba yanayochimbwa kwenye miteremko kuzuia maji yasichukue udongo, kisha inaanza kushuka kwa kona kali hadi joto la ziwani linakupokea kama pumzi ya chungu kilichofunuliwa. Mimi ni mtu wa milimani. Nilishuka garini nimevaa sweta.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Challe, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama, alitupokea mbele ya jengo la matofali ya kuchoma lililofikia usawa wa renta, juu kidogo ya madirisha, bado halina paa. Juu ya mlango fundi alikuwa amechonga kwa saruji: OFISI YA TAWI.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, binti. Karibuni muione ofisi yetu."

Tuliingia. Palikuwa na chumba kidogo cha mbele, na nyuma yake chumba kikubwa chenye madirisha mapana na sehemu ya sinki iliyojengewa ukutani.

"Hiki ni chumba cha nani?" nikauliza.

"Cha katibu."

"Na sinki?"

"Katibu wetu anapenda kunawa mikono," alisema Mzee Challe, bila kutikisika hata kope.

"Na kile kibaraza kirefu cha nje?"

"Wageni wa katibu. Huwa wengi. Wengine huja wamebebwa."

Mzee Ndunguru alitoka nje akaenda kutazama ziwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baadaye, njiani, alinieleza kile ambacho kila mtu mwambaoni alikijua: maombi ya bati kwa ajili ya zahanati yalikaa wizarani yakisubiri mpango, na mpango ukisubiri mpango mwingine mkubwa zaidi; lakini bati za ofisi za matawi zilikuwa zinatoka, kwa kuwa agizo la mwaka ule lilikuwa kila tawi liwe na ofisi ya kudumu. Watu wa Mkirira hawakuwa wamedanganya mtu. Walijenga walichokihitaji, wakakiita jina ambalo lingekiezeka. Miezi michache baadaye bati zilifika, na Mama Nyoni, mkunga aliyekuwa akizalisha wanawake kwenye stoo ya shule, akahamia na kitanda chake katika chumba cha katibu.

"Andika ofisi," Mzee Ndunguru aliniambia. "Katika utaratibu huu, mwanangu, usiulize watu wanataka nini. Uliza kwanza juu wameamua kutoa nini, halafu tazama wananchi watakavyolikata shati lao kutoka kwenye kitambaa hicho."

Naomba msielewe kwamba nausifu utaratibu ule. Mwaka mwingine agizo lilikuwa maghala. Kila kijiji kikajenga ghala, pamoja na Mkirira, ambako chakula ni muhogo unaokaa ardhini mpaka utakapohitajika na samaki wanaoanikwa na kuuzwa. Ghala la Mkirira lilitumiwa kwa uaminifu mkubwa na mbuzi. Hapakuwa na mtu wa kusema hapana, wala mahali pa kuisemea.

Lakini lilikuwepo jambo jingine, nami nawajibika kulitaja kwa uzito ule ule. Kahawa yote ya milimani ilinunuliwa na ushirika, na ushuru wake ukaingia halmashauri kwa mlango mmoja. Humo ndimo yalimotoka mafuta ya taa ya jokofu la chanjo la Mkirira. Mkulima wa Mkumbi au Mbuji, kule kwenye kahawa, hakuulizwa kama anakubali kahawa yake iwashe jokofu la watu wa ziwani. Kwa kuwa hakuulizwa, hakukataa. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na bado sijui kama niliite haki au niliite ukimya. Huenda wakati ule vilikuwa kitu kimoja.

Baadaye nilipelekwa Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili. Tasnifu yangu ilihusu namna mfumo wa siasa unavyoamua matumizi ya serikali katika huduma za jamii. Nilihitimisha kwamba pakiwa na ushindani wa vyama, wanasiasa watalazimika kutumia zaidi kwa ajili ya wananchi, kwa sababu mwananchi atakuwa na pa kwenda akinyimwa. Nilirudi Mbinga wakati vyama vingi vimeruhusiwa na soko la kahawa limefunguliwa, nikiwa na furaha ya mtu anayeingia katika chumba ambacho amekisoma kwenye ramani. Mzee Ndunguru alikuwa karibu kustaafu. Aliisoma tasnifu yangu yote, akairudisha na kusema: "Ni safi sana. Sasa nenda Mkirira."

Mwera, ule upepo mkali wa kusini unaowafanya wavuvi wapandishe mitumbwi mchangani, ulikuwa umeng'oa nusu ya paa. Mama Nyoni alikuwa amesogeza kitanda kwenye nusu iliyobaki, akatundika turubai katikati. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, anayezungumza kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Mvua zikianza siwezi kukaa hapa, dada," alisema. "Sio mimi. Mimi nimezoea. Mtoto akitoka anataka pakavu."

Nikamwahidi kwamba halmashauri itatengeneza. Nilirudi ofisini nikaandika maombi, na maombi yakarudishwa kwa sababu ambayo, nikiipima kwa vigezo vyangu mwenyewe, ilikuwa sahihi kabisa. Sasa vyama vilikuwa vingi. Fedha ya umma haikuruhusiwa kukarabati mali ya chama chochote. Na jengo lile, tangu siku ya kwanza, kwa saruji iliyo juu ya mlango wake, lilikuwa mali ya chama.

Nilirudi Mkirira na wazo ambalo lilionekana rahisi: tawi likikabidhi jengo kwa serikali ya kijiji, basi litakuwa la umma na tutaliezeka. Niliwakuta watu wamekusanyika chini ya kile kibaraza. Mzee Challe aliketi upande mmoja. Upande wa pili alisimama Bwana Twaha, mfanyabiashara wa usipa, wale dagaa wa ziwani, mwenye duka la chumvi na sabuni, ambaye alikuwa amefungua tawi la chama kipya na kutundika bendera yake kwenye mti wa mlonge mbele ya duka.

Nilieleza wazo langu. Mzee Challe alikuwa anaitikia kwa kichwa, na nina hakika, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa na hakika kuhusu moyo wa mwingine, kwamba alikuwa anakaribia kukubali. Ndipo Bwana Twaha akasema:

"Ndicho tunachokidai siku zote. Warudishe jengo la watu."

Mzee Challe akaacha kuitikia. "Nani arudishe?"

"Wewe. Matofali yale alichoma baba yangu."

"Baba yako alichoma matofali akiwa mwanachama wangu. Alikuwa na kadi. Unataka nikuonyeshe alipokuwa anaketi mikutanoni?"

"Alikuwa na kadi kwa sababu hapakuwa na kadi nyingine, mzee wangu."

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichofunga mlango. Mwezi mmoja kabla, kulitoa jengo kungekuwa wema wa mzee kwa kijiji chake. Sasa kungekuwa kushindwa na muuza usipa. Kitendo kilikuwa kile kile, jengo lile lile, na gharama yake ilikuwa imebadilika wakati nimesimama nikiitazama. Jambo hilo halikuwamo katika tasnifu yangu.

"Tutalizungumza kwenye vikao," alisema Mzee Challe, akanyanyuka.

Mama Nyoni alikuwa mlangoni na beseni mkononi. Alimwaga maji nje, mbali kidogo na miguu yao.

Njia nyingine ilikuwa kujenga upya. Nikapeleka hoja kwenye baraza la madiwani. Jifunzeni hapa jambo moja la kazi: kabla ya kupeleka hoja barazani, usisome hoja yako tena, wasome madiwani. Sikufanya hivyo. Niliwapelekea jedwali la umbali wa vijiji na vituo, limepangwa vizuri, nikawaeleza kwamba mwanamke wa Mkirira akipata uchungu mgumu huvushwa kwa mtumbwi hadi hospitali ya misheni, ziwa likikubali.

Diwani Komba, wa kata moja ya kahawa, alinyanyuka. Alikuwa mtu mwema na msema kweli, mjomba wa marafiki zangu wa shule.

"Mama Mipango, tumekuelewa na tunakuheshimu," alisema. "Lakini nikusimulie na mimi. Siku hizi kahawa inanunuliwa na watu wa malori. Wengine wanapakia wanaondoka bila ushuru, tunabaki na vumbi. Kidogo kinachopatikana, wakulima wangu wanajua ni chao. Zamani nilikuwa naenda kwenye mkutano nasema, serikali imeamua, tunakaa chini. Sasa nikisema hivyo, kuna kijana pale nyuma ananyanyuka, anauliza: diwani, zahanati yetu iko wapi? Nimjibu nini? Kwamba nimeijenga ziwani?"

"Mwambie tutamletea samaki, mbasa wa ziwani," diwani wa mwambao alidakia.

"Mbasa atakula yeye, mimi kura nitazivua wapi?"

Baraza lilicheka, nami nilicheka, kwa sababu lilikuwa la kuchekesha na kwa sababu lilikuwa kweli. Hoja iliahirishwa. Mfumo wa zamani haukumuuliza mkulima wa kahawa. Mfumo mpya ulimuuliza, naye akajibu kama mtu yeyote mwenye watoto angejibu.

Mtauliza jinsi chumba kile kilivyopata paa hatimaye, kwa maana kililipata. Mama Nyoni hakuwa mtu wa vikao. Siku moja, baada ya kliniki ya watoto, aliwaambia akina mama kwamba kijiji jirani kimemtengea nyumba ya mwalimu iliyo wazi, nzima, yenye paa, na kwamba mvua zikianza yeye na kitanda chake watahamia huko. Nilimuuliza baadaye kama kijiji hicho kilikuwa kimemwita kweli. "Waliniuliza habari za safari," alisema. "Nikawaambia nzuri."

Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Habari ilifika dukani kwa Bwana Twaha kabla ya kufika kwa Mzee Challe, na kutoka hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona serikalini. Tawi la Mzee Challe likapata bati kutoka kwa mgombea wao. Mpya, nzito, zinazong'aa. Bwana Twaha hakukubali kubaki nyuma. Kwa kuwa paa lilikuwa limechukuliwa, alileta saruji ya sakafu, na vijana wake wakasomba mchanga kutoka ufukweni huku vijana wa Mzee Challe wako juu wakipiga misumari. Walitupiana maneno kutwa nzima.

"Angalieni msituangushie nyundo, nyie wa zamani!"

"Ikianguka itakuwa ya maendeleo, pokeeni!"

Mama Nyoni alisimama katikati akiwaonyesha mteremko wa maji uelekee wapi. Sijapata kumwona amefurahi hivyo. Nami nilifurahi, zaidi ya ilivyonistahili, kwa sababu nilikuwa nikiuona ukurasa wangu wa hitimisho unatembea kwa miguu. Ushindani ulikuwa umeleta huduma. Mvua zilipoanza, wanawake walijifungulia pakavu.

Wagombea wote walikuja kwa boti, kijiji baada ya kijiji, na wote walilionyesha paa lile wakiwa bado majini. Lilionekana kutoka mbali, likiwaka juani. Yule wa upande wa Mzee Challe alisema ni kazi ya chama chake. Yule wa Bwana Twaha alisema pasingekuwa na chama chake, paa lile lisingekuwepo. Nililipima jambo hili kwa makini, nikaona wote wawili wanasema kweli.

Kisha uchaguzi ukapita.

Hapa ndipo nataka msome polepole. Chumba cha kuzalishia si paa. Ni mafuta ya taa, glovu, nyuzi, maji ya kuchemsha, na mtu anayelipwa kwa wakati, mwenye mahali pa kulala na msaidizi wa kumpokea anapougua. Vitu hivi vina sifa moja inayofanana: ukiwa kwenye boti huvioni. Havizinduliwi, haviwekwi jiwe la msingi. Na miaka hiyo, serikali kuu nayo ilikuwa ikipunguza watumishi na kusimamisha ajira, kwa masharti ya wakopeshaji yaliyotoka mbali zaidi ya Dar es Salaam, mahali ambapo hakuna Mzee Challe wala Bwana Twaha aliyepiga kura. Akina mama wakaanza kuambiwa waje na glovu zao na mafuta yao.

Niliingiza katika makadirio ya bajeti nyumba ya mkunga wa Mkirira na msaidizi mmoja. Diwani Komba, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati, aliniita pembeni, akaongea kwa upole wa mtu anayemshauri mgonjwa.

"Mama Mipango, niletee madarasa. Niletee zahanati nyingine kabisa, boma jipya, nitakutetea. Msaidizi wa mkunga nitamwonyesha wapi?"

"Hatumwonyeshi, mjomba. Anafanya kazi."

"Najua. Ndiyo tabu yake."

Fungu lilikatwa. Mwaka uliofuata nililirudisha, likakatwa tena. Mzee Ndunguru, aliyekuwa amekwisha kustaafu na kuchimba mabwawa ya samaki nyumbani kwake, alinipa mbinu ambayo nawarithisha: gharama ya kuendesha jengo iandikwe ndani ya gharama ya kulijenga, katika mstari mmoja, ili anayetaka sifa ya bati apitishe na mafuta ya taa. Nimeitumia mara nyingi na imefanikiwa mahali pengi. Kwa Mkirira ilikuja imechelewa, kwani jengo lilikuwa limekwisha kujengwa, na wala halikuwa letu.

Mama Nyoni alikuja Mbinga kuniaga mwenyewe. Aliketi ofisini kwangu na mkoba mapajani. Hospitali ya misheni ilikuwa imempa kazi.

"Nimekaa nao mpaka watoto niliowapokea wamekuja wenyewe kuzaa," alisema. "Sijachoka na watu, dada. Nimechoka kuwa peke yangu. Juzi nilikuwa na wawili kwa pamoja, nikawa nachagua. Sitaki kuchagua tena."

Nilimsindikiza hadi stendi.

Nilipoteremka tena Mkirira, mvua zilikuwa zimekwisha. Paa lilikuwa zima, sakafu haina ufa, mlango umefungwa kwa kufuli. Kwenye kibaraza waliketi Mzee Challe na Bwana Twaha, benchi moja, wakinisubiri. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wanakubaliana jambo. Mke wa Bwana Twaha alikuwa mjamzito, na mkwe wa Mzee Challe vilevile.

"Tumeona tuje pamoja," alisema Mzee Challe. "Jengo tumelitoa. Tumeandikishana, ni la kijiji sasa. Huyu bwana ni shahidi."

"Mimi ni shahidi," alisema Bwana Twaha.

"Kwa hiyo tunaomba mkunga."

Niliwashukuru. Nikawaeleza, kwa heshima na kwa ukamilifu, jinsi ajira zilivyosimamishwa na nani aliyezisimamisha. Jinsi ushuru wa kahawa ulivyopungua. Jinsi fungu linavyopita kamatini na kwa nini halipiti. Na kwamba mwaka wa uchaguzi ujao kuna uwezekano, ambao siwezi kuuahidi, wa kupata jengo la pili. Walinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Nyuma yetu wanawake wawili walikuwa wanapitisha beseni za usipa kwenda kuanika. Mmoja alikuwa mzito, anatembea amejishika kiuno.

Nilipomaliza, Mzee Challe alimtazama Bwana Twaha.

"Amesemaje?"

"Amesema hakuna."

Mzee Challe alinigeukia, akangoja, kwa adabu, nimsahihishe mwenzake.